Shahada ya Uzamili ya Kilimo na Msimu Mmoja wa Mvua

Mtu akisikia kwamba kijana aliyekwisha kupata shahada ya kwanza ya kilimo amerudi chuoni kwa muda wa miaka 2 kusomea mahindi, aghalabu huuliza swali lililo halali kabisa: je, mahindi hayo hakuyamaliza mara ya kwanza? Swali hili huulizwa na wazazi, huulizwa na wakulima, na si mara chache huulizwa na wanafunzi wa kidato cha sita wanaofikiria masomo ya mbele. Jibu lake si gumu, ingawa linahitaji subira kidogo. Katika shahada ya kwanza mwanafunzi hufundishwa mambo ambayo wengine wamekwisha kuyajua: nafasi kati ya mche na mche, aina za udongo, wadudu na dawa zao. Katika shahada ya uzamili hufundishwa jambo tofauti, yaani jinsi ya kujua kama neno fulani linalosemwa juu ya shamba ni kweli ama si kweli. Hapo ndipo penye taabu yote, na ndipo penye thamani yote.

Katika Tanzania kitovu cha elimu hiyo ni Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Kabla ya hapo kijana wa Afrika ya Mashariki aliyetaka shahada ya kilimo alikwenda Makerere, Uganda, na aliyetaka kuendelea zaidi mara nyingi alivuka bahari. Mwaka 1965 palifunguliwa Morogoro chuo cha kilimo kilichotoa stashahada. Mwaka 1969 chuo hicho kiligeuzwa kuwa kitivo cha kilimo chini ya chuo kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, na tarehe 1 Julai 1984 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kilipewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani humo humo tarehe 12 Aprili mwaka ule.

Kwa desturi, mwaka wa kwanza wa uzamili ni wa darasani na mwaka wa pili ni wa utafiti na kuandika tasnifu. Darasani mwanafunzi husoma somo alilolichagua, liwe udongo, mazao, mifugo au uchumi wa kilimo, kwa kina kisichowezekana katika shahada ya kwanza. Lakini lipo somo moja ambalo karibu wote hulisoma na wengi huliogopa, nalo ni takwimu. Wanafunzi waliokimbia hisabati na kukimbilia biolojia hustaajabu kuikuta hisabati imewatangulia na kuwasubiri shambani. Kumbe sehemu kubwa ya takwimu zinazotumiwa leo katika sayansi zote, pamoja na utabibu, ilizaliwa shambani.

Sababu ni kwamba shamba hudanganya. Mtu akitazama ekari moja ya ardhi iliyolimwa vizuri huiona kuwa kitu kimoja, lakini mahindi hayaioni hivyo. Upande wa bondeni maji na rutuba hukusanyika, na upande wa juu huoshwa na mvua. Mahali palipokuwa na kichuguu mchwa wamepandisha udongo wa chini wenye mfinyanzi na chokaa. Mahali palipokuwa na zizi la ng'ombe miaka 10 iliyopita mahindi husimama marefu na ya kijani kibichi, na hakuna anayekumbuka sababu ila mzee wa jirani. Mistari ya pembeni hupata mwanga mwingi kuliko ya katikati, na kwa hiyo hudanganya kwa namna yake yenyewe.

Sasa, mtu aweke mbolea katika kitalu kimoja na kingine asiweke. Akivuna kilo 9 katika cha kwanza na kilo 7 katika cha pili, amepata nini? Atasema mbolea imeongeza kilo 2. Lakini huenda tofauti hiyo ingekuwapo hata kama asingeweka mbolea popote, kwa kuwa kitalu cha kwanza kiliangukia penye zizi la zamani. Mtu huyo hana njia ya kujua. Bidii yake yote ya kupanda, kupalilia na kuvuna haimsaidii, kwa sababu kosa lilifanyika kabla ya jembe la kwanza.

Tatizo hili liliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Huko Rothamsted, Uingereza, John Lawes na Joseph Gilbert walianzisha mwaka 1843 majaribio ya mbolea katika shamba la ngano liitwalo Broadbalk, ambalo mpaka leo linaendelea kupandwa. Ilipofika mwaka 1919 kituo hicho kilikuwa na rundo la madaftari ya mavuno ya zaidi ya miaka 70, lakini kuyafasiri kulikuwa kugumu. Ndipo akaajiriwa kijana mwanahisabati, Ronald Fisher, aliyeishi na madaftari hayo hadi mwaka 1933. Fisher alitambua kwamba haitoshi kuhesabu vizuri baada ya mavuno, bali jaribio lenyewe hupaswa kupangwa vizuri kabla ya kupanda. Alisisitiza mambo matatu. Kwanza, kila jambo linalojaribiwa lirudiwe katika vitalu kadhaa, wala si kimoja. Pili, vitalu vilivyo jirani na vyenye hali moja viwekwe katika fungu moja, na kila fungu liwe na kila jambo linalojaribiwa. Tatu, ndani ya kila fungu kura ndiyo iamue kitalu kipi kipate nini, wala si jicho la mtafiti, maana jicho hupendelea hata pale mwenye nalo asipojua.

Katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya kupanga majaribio, Fisher hakuanza na ngano bali alianza na chai. Bibi mmoja alidai kwamba akionja chai ya maziwa anaweza kutambua kama maziwa yametangulia kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Fisher anaeleza jinsi ya kumjaribu: vikombe 8, vinne vya namna moja na vinne vya namna ya pili, vipangwe kwa kura, na bibi avichague vile vinne vya namna moja. Mwanafunzi wa kidato cha tano aliyefundishwa michaguo atajua kwamba zipo njia 70 za kuchagua vikombe 4 kati ya 8. Basi mtu asiyejua lolote anaweza kupatia vyote kwa bahati mara 1 tu katika 70. Kama bibi akipatia vyote, ni busara kuanza kumsadiki. Mwalimu anaweza kulifanya jaribio hili darasani kwa gharama ya majani ya chai na maziwa kidogo, na wanafunzi wake watakuwa wameelewa jambo ambalo wengine hulielewa baada ya shahada mbili.

Na ichukuliwe mfano wa mahindi. Mwanafunzi wa uzamili ana mafungu 4 yaliyopangwa kutoka juu ya mteremko hadi chini. Katika kila fungu vipo vitalu viwili, kimoja kina mbolea na kingine hakina, na kura ndiyo iliyoamua. Eneo linalovunwa katika kila kitalu ni mita za mraba 20. Vitalu vyenye mbolea vimetoa kilo 9, 6, 11 na 8; visivyo na mbolea, kwa mfuatano huo huo wa mafungu, vimetoa kilo 7, 5, 8 na 7. Wastani wa kwanza ni kilo 8.5, wa pili ni kilo 6.75, na tofauti ni kilo 1.75.

Mtu akisahau mafungu na kuvitazama vitalu vyenye mbolea peke yake, ataona vinatofautiana vyenyewe kwa vyenyewe kutoka kilo 6 hadi 11. Tofauti ya kilo 1.75 humezwa na vurugu hiyo. Akiigawa kwa kosa lake la kawaida, ambalo hapa ni kilo 1.22, hupata 1.44, na majedwali ya takwimu humtaka afikishe 2.45 ndipo aaminiwe. Jaribio limeshindwa. Lakini akikumbuka mafungu, na kulinganisha kila kitalu na jirani yake, hupata tofauti nne: kilo 2, 1, 3 na 1. Hizi zinakaribiana. Kosa la kawaida la wastani wake ni kilo 0.48 tu, na 1.75 ikigawanywa kwa hiyo hutoa karibu 3.65, huku majedwali yakidai 3.18. Hapo jaribio limefaulu. Mahindi ni yale yale, mbolea ni ile ile na jasho ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mteremko umeondolewa katika hesabu. Wanafunzi na wazirudie hesabu hizi wenyewe, kwa maana hazizidi vipeuo vya pili na kugawanya.

Kufaulu huko kuna maana yake, nayo isizidishwe. Maana yake ni kwamba, lau mbolea isingekuwa na faida yoyote, tofauti kubwa kiasi hicho ingetokea kwa bahati tu mara zisizofikia 5 katika 100. Haina maana kwamba kila mkulima atapata kilo 1.75 za ziada kwa kila mita za mraba 20. Kilo 1 katika kitalu hicho ni sawa na kilo 500 katika hekta, kwa hiyo faida ya wastani ni kilo 875, yaani magunia karibu 9 ya kilo 100. Lakini hesabu zile zile zikiendelezwa zaidi huonyesha kwamba faida ya kweli yaweza kuwa popote kati ya kilo 115 hivi na kilo 1,640 kwa hekta. Kati ya gunia 1 na magunia 16 pana tofauti kubwa. Mkulima wa Gairo au Kilosa aliyekopa fedha za mbolea kwa kutegemea magunia 9, akapata moja, atauza mbuzi kulipa deni. Mtafiti anayeandika "magunia 9" na kunyamaza hajasema uongo, lakini amemficha mkulima jambo ambalo angetaka kulijua kuliko yote. Wasimamizi wazuri huwarudishia wanafunzi sura nzima za tasnifu kwa ajili ya kosa hili, na hawakosei.

Baada ya kupanga huja kupanda, na hapo bwana wa kazi si chuo tena bali ni mvua. Morogoro hupata mvua za vuli na masika. Mwanafunzi aliyepeleka jaribio lake Dodoma au Iringa ana msimu mmoja tu kwa mwaka. Akichelewa wiki tatu kwa sababu fedha za utafiti hazijafika, mbegu zake zitakuta mvua inaaga. Fedha hufuata taratibu za ofisi, na mawingu hayana habari na taratibu hizo; yamkini hili ndilo chanzo cha tasnifu nyingi kuchelewa kuliko uvivu unaosemwa. Kisha kuna wadudu. Tangu viwavijeshi vamizi kutoka Amerika walipoonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na Tanzania mwaka uliofuata, mtu mwenye jaribio la mahindi hana ruhusa ya kukaa wiki nzima bila kukagua majani machanga.

Kuna na watu. Hindi moja zuri huweza kuwa na punje za gramu 150. Katika kitalu cha mita za mraba 20, mahindi mawili yakichomwa na wapita njia, au yakichukuliwa na ngedere, yamepunguza mavuno kwa kilo 150 kwa hekta. Kwa hiyo si ajabu kumkuta mwanafunzi wa uzamili amejenga kibanda kando ya shamba na kulala humo mahindi yanapokomaa. Wenyeji humcheka, kisha humzoea.

Hata mavuno yakiwa salama mizani huweza kudanganya. Mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu wa asilimia 20 ni mazito kwa sababu ya maji. Kilo 10 za mahindi hayo zina kilo 8 tu za kitu kikavu, na zikikaushwa mpaka unyevu wa asilimia 13 zitabaki kilo 9.2 hivi. Mtafiti aliyevuna kitalu kimoja Jumatatu na kingine Ijumaa baada ya siku nne za jua, asipopima unyevu, atakuwa amelinganisha siku za juma akidhani amelinganisha mbolea.

Na kama mvua ikikatika? Mahindi yakikauka yote hakuna cha kupima, na mwanafunzi hungoja mwaka mwingine, mara nyingi bila posho. Lakini kama yamenyauka nusu na yakapimwa kwa uaminifu, hayo ni matokeo, maana mkulima naye hulima katika miaka mibaya. Vivyo hivyo jaribio lililopangwa vizuri likionyesha kwamba mbolea haikuleta tofauti inayoaminika, hilo nalo ni jibu. Wanafunzi hulionea haya jibu la namna hiyo na huona kama wameanguka mtihani. Kishawishi kikubwa kuliko vyote katika masomo haya ni kukiacha kitalu kimoja "kilichoharibika" ili hesabu zitoke vizuri. Daftari la shambani, lililoandikwa kwa kalamu siku hiyo hiyo, huwekwa kwa ajili ya kumlinda mtafiti na kishawishi hicho.

Si tafiti zote zinazongoja mvua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa Tabora walianza kuona mahindi yao ghalani yakigeuka unga. Mdudu aliyehusika, ambaye kwa Kiswahili ameitwa dumuzi, asili yake ni Amerika ya Kati, na huku hakuwa na adui aliyemfuata. Hapo lilizuka swali ambalo mwanafunzi aliweza kulijibu ndani ya ghala: hasara ni kiasi gani hasa? Njia ni rahisi. Hesabu punje 1,000. Tuseme 800 ni nzima na zina uzito wa gramu 280, na 200 zimetobolewa na zina gramu 42. Punje nzima moja ni gramu 0.35, basi punje 1,000 zingekuwa gramu 350, zimepatikana 322, hasara ni gramu 28, sawa na asilimia 8. Kwa vipimo vya namna hii ilithibitika kwamba dumuzi hustawi zaidi katika mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake, kwa kuwa punje iliyoshikiliwa haimponyoki anapoitoboa. Kutoka hapo lilitokea shauri ambalo leo kila bwana shamba hulijua: pukuchua kwanza, kisha changanya na dawa, ndipo uhifadhi. Adui wa mdudu huyo, naye mdudu mdogo kutoka huko huko Amerika, alitafutwa na kuachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992.

Miaka 2 ni michache, na maswali mengine hayawezi kumalizwa na mtu mmoja. Katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, H. H. Storey na mwenzake Nichols walianza katika miaka ya 1930 kutafuta mihogo isiyoshindwa na ugonjwa wa batobato. Waliuzalisha muhogo wa kawaida pamoja na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceara, kisha wakavirudisha vizazi vyake kwenye muhogo tena na tena ili mizizi inenepe na kinga ibaki. Baada yao D. L. Jennings akaiendeleza kazi hiyo hadi miaka ya 1950. Mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria, zikachaguliwa huko, na katika miaka ya 1970 wataalamu wa Ibadan wakazitumia kuzalisha mihogo iliyoenea sehemu nyingi za Afrika. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka 40. Mwanafunzi wa uzamili anayehesabu majani yenye batobato katika mistari 12 ya mihogo ameshika kipande kidogo cha kamba ndefu kama hiyo.

Hata hivyo kinga na mavuno si yote. Mwaka 1990 Chuo cha Sokoine kilitoa aina ya maharage iitwayo SUA 90, yenye punje ndogo za rangi hafifu. Katika masoko mengi ya nchi mnunuzi hutafuta harage kubwa na mara nyingi jekundu, na mkulima hupanda kinachonunuliwa. Mwaka 1997 chuo hicho hicho kilitoa Rojo, harage kubwa lenye wekundu. Kwa sababu kama hizi majaribio mengi leo hutoka nje ya uzio wa chuo. Katika miaka ya 1990 ulianza Malawi mpango uitwao jaribio la mama na mtoto: jaribio la mama, lenye mafungu na kura zote, huwekwa mahali pamoja kijijini, na majaribio ya watoto, madogo na machache, hufanywa na wakulima wenyewe katika mashamba yao. Huko mwanafunzi hujifunza mambo ambayo mizani haiyapimi, kama vile muda wa kuiva jikoni na ladha ya siku ya pili. Hujifunza pia kwamba mama mwenye shamba atapalilia shamba lake kwanza, la jaribio baadaye, na hana haki ya kumlaumu.

Kazi ya mwisho ni tasnifu na kuitetea mbele ya watahini. Tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza na hukaa maktabani Morogoro, mahali ambapo mkulima hafiki na bwana shamba hufika kwa nadra. Wahadhiri wengine huwataka wanafunzi wao waandike ukurasa mmoja wa Kiswahili na kuusoma mbele ya wanakijiji waliotoa ardhi. Ukurasa huo huwashinda wengi kuliko kurasa 100 za Kiingereza, kwa kuwa mbele ya wenye shamba neno lisiloeleweka huulizwa papo hapo.

Mwanafunzi akishafaulu huacha kitu kimoja zaidi, ambacho hakimo katika tasnifu wala katika cheti: ramani ya vitalu vyake. Fosforasi aliyoweka msimu huu haikuondoka yote na mavuno. Nyingine imebaki udongoni, katika vitalu vilivyochaguliwa kwa kura. Mwanafunzi wa mwaka ujao atakayepewa shamba hilo bila ramani ataona mahindi yake yakitofautiana pasipo sababu, naye atatafuta kichuguu kisichokuwapo. Ndiyo maana msimamizi makini huidai ramani hiyo kwanza, kabla hajatia sahihi.